MOTO HAUBISHI HODI

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 14 Septemba, 2020, bweni la wavulana la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa katika mkoa wa Kagera, lilishika moto watoto wakiwa usingizini. Watoto 10 waliteketea, na wengine wakatolewa wakiwa na majeraha. Wazee wao waliwakabidhi mikononi mwa watu wazima wasomeshwe dini na dunia. Kisha wazee hao hao wakaitwa kwenda kuzika.

Huenda mwanachama akauliza: Kyerwa iko mpakani mwa Rwanda na Uganda, nasi tuko baharini, khabari hii yatuhusu nini? Twamjibu kwa maneno ya wahenga: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huko huitwa bweni, kwetu huitwa dakhalia, lakini godoro ni lile lile, chandarua ni kile kile, na usingizi wa mtoto ni ule ule. Wala hatuandiki kuihukumu shule ile, kwani msiba wake unaitosha. Twaandika kwa sababu Kyerwa haikuwa ya kwanza. Mwaka 1994 walikufa wasichana 42 katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro. Mwaka 2001 walikufa wavulana 67 huko Kyanguli, Kenya. Mwaka 2009 walikufa wasichana 12 huko Idodi, Iringa. Na baada ya Kyerwa, mwezi wa Septemba 2024, walikufa wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Jambo likirudi mara tano, haliwezi tena kuitwa ajali. Hilo ni deni lisilolipwa.

Sisi watu wa visiwa tunalijua deni la namna hiyo. Mwezi wa Septemba 2011 tuliwazika watu wetu wa Spice Islander. Ikaundwa tume, zikatolewa rambirambi. Na kabla haujatimia mwaka, Julai 2012, tukawazika wa Skagit. Basi asitokee mtu kutuambia kwamba tume peke yake huokoa roho.

Sasa natuseme khatari yenyewe ilipo. Wengi hudhani kwamba mtu katika moto huuliwa na ndimi zake. Sivyo. Aghalabu huuliwa na moshi, na huuliwa kabla moto haujamfikia. Ndani ya moshi imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala akiivuta huzidi kulala. Wala asidhani mtu kwamba harufu ya moshi itamwamsha. Pua ya aliyelala haina ulinzi.

Zamani nyumba ya msonge ya Karagwe ilikuwa na nyasi juu, nyasi zilizotandikwa sakafuni, na moto katikati. Kila aliyeingia aliiona khatari kwa macho yake, akajihadhari. Leo tumejenga kwa matofali na mabati, tukajiona tumesalimika. Tumesahau kwamba ndani tumetia magodoro ya sponji, mapazia, na nyaya za umeme zilizoungwa ovyo. Nyumba imekuwa ya mawe, lakini tumbo lake limejaa kuni. Na sponji ikiwaka hutoa moshi mweusi wenye sumu, na chumba kizima huweza kushika moto kwa dakika chache tu. Kutoka Bukoba hadi Kayanga, makao makuu ya Karagwe, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hata gari la zimamoto likiwa karibu kuliko hapo, dakika chache hizo ni za mwenye nyumba peke yake.

Ndiyo maana twasema juu ya kengele ya moshi. Ni kitu kidogo kama kisahani, hufungwa darini. Ndani yake mna mwale wa mwanga. Moshi ukiingia huutawanya mwale ule, na kengele hulia kwa sauti ya kumwamsha aliyelala. Haizimi moto, bali hununua wakati. Lakini sharti iwe na betri yake. Kwa miaka mingi Kagera ililetewa umeme kutoka Uganda, nasi twaletewa wetu kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Na nani katika Unguja aliyesahau kiza cha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipolala kwa mishumaa na vibatari? Kengele inayokufa pamoja na umeme ni mlinzi anayelala pamoja na mwenye nyumba.

Wako wasemao kwamba kengele hiyo ni anasa ya Ulaya, kwani jikoni kwetu mna moshi kila siku. Ni kweli, na hatusemi itundikwe juu ya mafiga, maana italia mchana kutwa mpaka mwenyewe aichomoe betri. Mahali pake ni wanakolala watu. Ijaribiwe kila mwezi kwa kubonyezwa kidude chake, na ikitimia miaka 10 ibadilishwe.

Hata hivyo, kengele bila ya mlango ni kumwamsha mtu ashuhudie kifo chake. Huko Kyanguli madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Nondo hutiwa kumzuia mwizi, nasi hatuwalaumu wanaoziweka. Lakini mwizi huchukua mali, na nondo isiyofunguka kwa ndani huchukua roho.

Bara ipo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na visiwani kipo Kikosi chetu cha Zimamoto na Uokozi. Kwa hivyo hatudai sheria mpya; twadai kazi. Twadai kila dakhalia, la Serikali na la mtu binafsi, likaguliwe kabla mtoto hajalala humo, na cheti cha ukaguzi kibandikwe mlangoni, mzazi akisome kabla ya kulipa ada. Twadai kila dakhalia liwe na kengele yenye betri, milango miwili inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa kufuli usiku, na madirisha yanayofunguka kwa ndani. Twadai watoto wazoezwe kila muhula kutoka gizani. Na kengele hizi ziingizwe nchini bila ya ushuru, kwani Serikali haipaswi kutafuta faida katika roho za watu.

Lakini mwenye kudai haki asisahau wajibu wake. Ndugu mwanachama, usiku huu kabla hujalala, zima kibatari na mshumaa, wala usiviweke karibu na chandarua. Funga mtungi wa gesi kwenye kichwa chake. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime taa. Fungua milango na utoke, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Mafuta yakiwaka karaini, usimwagie maji. Zima jiko, yafunike kwa kifuniko. Wafundishe watoto kutambaa chini ya moshi, kukutana mahali pamoja nje, na kutorudi ndani kwa kitu chochote. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, si kwa dawa ya meno. Na funguo za nondo zikae mahali ambapo hata mtoto azijua gizani.

Watoto 10 wa Kyerwa hawakuwa na chama, wala hawakuwa na sauti ya kudai. Sauti hiyo tunayo sisi. Tukinyamaza mpaka dakhalia letu liwake, hatutakuwa na haki ya kumlaumu mtu.