Tahariri: Kijana anayeuza bidhaa za wengine mtandaoni ajue kwanza bei ya kazi yake

Katika miji yetu ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira, kuna kazi ambayo wazazi wengi hawajapata bado jina la kuipa. Kijana anashinda na simu mkononi. Anapiga picha za vitenge, za viatu na za vyumba vya hoteli, anaziweka kwenye Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp, halafu anajibu maswali ya wateja mpaka usiku. Wazazi wanasema mtoto anacheza na simu. Mwenye butike anasema: « Huyu ni mdogo wangu, ananisaidia kidogo. » Mwisho wa mwezi mdogo anapewa mega, nauli ya pikipiki na asante.

Huo si msaada, ni kazi. Wengine wanaiita marketingi ya mtandaoni: kutafutia mfanyabiashara wateja kwa njia ya intaneti. Duniani kote watu wanaishi kwa kazi hiyo, wanalipa nyumba na kusomesha watoto. Hata hapa kwetu inaweza kulisha familia. Lakini haitamlisha mtu asiyejua kuhesabu thamani yake. Kijana mwenye kipaji ambaye hajui bei ya kazi yake atabaki kuitwa msaidizi miaka mingi, na siku atakapochoka, mwenye butike naye atapoteza.

Jambo hili ni la haraka kuliko watu wanavyofikiri. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, Januari na Februari 2025, banki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa na biashara ikawa ngumu. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada yake, na mashirika mengi ya kiutu yakapunguza wafanyakazi. Vijana wengi waliosoma, waliokuwa wakitegemea mkataba wa shirika, sasa wanatafuta namna nyingine ya kuishi. Wafanyabiashara nao wanaona wateja wanaopita mlangoni wakipungua, na simu inakuwa dirisha la duka. Pande hizi mbili zinahitajiana. Kinachokosekana kati yao ni hesabu ya wazi.

Basi tuhesabu. Tuchukue mfano wa mwenye butike anayekubali kulipa dola 30 kwa mwezi ili kijana asimamie ukurasa wake. Kijana anafurahi, anasema amepata kazi. Lakini mega za mwezi zinakula dola 10. Kuchaji simu, dola 3. Kwenda na kurudi kupiga picha za bidhaa, dola 5. Zinabaki 12. Simu yenyewe inazeeka: ikiwa aliinunua dola 180 na itadumu miezi 30, kila mwezi inakula dola 6. Zinabaki dola 6. Kama anafanya kazi saa mbili kwa siku, siku 26, hizo ni saa 52. Gawanya dola 6 kwa saa 52: senti 11 au 12 kwa saa. Kijana huyo hajaajiriwa. Yeye ndiye anayemlipia patroni sehemu ya kazi.

Kila mtu aweke namba zake mwenyewe, maana bei za mega na za usafiri si sawa Beni na Bukavu. Lakini asitaje bei kwa mtu yeyote kabla ya kufanya hesabu hiyo. Bei iliyo chini ya gharama zako si bei ya kuanzia, ni hasara unayoanza nayo.

Kuna mtego mwingine unaowakamata wengi. Patroni anatoa dola 50 na kusema: « Fanya kila kitu. » Kijana anazitumia kulipia matangazo kwenye Facebook ili ukurasa uonekane, na mwisho wa mwezi mfukoni hamna kitu. Tangazo la kulipia linakwenda kama mnada: wewe unaweka kiasi cha siku, unashindania macho ya watu pamoja na watangazaji wengine, na pesa inaingia kwa kampuni ya Facebook. Hakuna hata franka moja inayorudi kwa aliyeandika tangazo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza pesa ziwe mbili na ziandikwe kwenye mistari miwili: pesa ya matangazo, na pesa ya kazi. Fundi nyumba hachanganyi bei ya simenti na malipo ya mikono yake.

Halafu kuna swali gumu zaidi: thamani yenyewe ni nini? Wengi wanajibu kwa idadi ya wafuasi na laiki. Hapo wanajidanganya. Wafuasi 20 000 walionunuliwa hawanunui hata sabuni moja. Ukimwambia patroni umeweka picha 40 mwezi huu, anasikia kelele. Ukimwambia watu 60 waliandika kwenye WhatsApp, 18 wakanunua, na kila mmoja akamwachia faida ya dola 4, hapo anasikia dola 72. Mbele ya dola 72, kuomba 30 si wizi, ni mgawanyo.

Lakini hesabu hiyo lazima iwe ya haki. Si wateja wote 18 waliletwa na wewe. Mwingine alipita barabarani, mwingine alitumwa na jirani. Kwa hiyo muuzaji azoee kumuuliza kila mteja: « Ulituona wapi? » na jibu liandikwe palepale. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko diploma. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kazi bila daftari nayo ni hivyohivyo. Siku unapotafuta mteja mpya, utafungua daftari na kuonyesha hali ilivyokuwa kabla yako na ilivyo baada yako.

Kuhusu kujifunza, udhuru umepungua. Meta Blueprint na HubSpot Academy zinatoa masomo ya bure. Gharama ni mega na uvumilivu. Lakini usijaribu kujua yote kwa wakati mmoja. Kuna anayeandika maneno yanayouza, kuna anayepiga na kukata video, kuna anayepanga matangazo ya kulipia, kuna anayesoma takwimu na kueleza kwa nini wateja wamepungua. Anza na moja mpaka watu wakutaje kwa hilo. Kijana anayesema « nafanya kila kitu » hulipwa kama mtu asiye na ufundi wowote.

Tena tuna mali ambayo hatuihesabu: lugha zetu. Mtu aliyekaa Paris au Kinshasa, hata akiwa na vyeti kumi, hawezi kumwandikia mama wa soko la Kadutu kwa Kiswahili anachokisikia nyumbani, wala kutia neno la Mashi au la Kinande mahali panapofaa. Wafanyabiashara wa Butembo wanaoleta bidhaa kutoka Dubai na China wanajua kununua mbali. Wanahitaji mtu anayejua kuuza karibu. Na ndugu zetu walioko Kampala, Nairobi au Brussels, wanaotaka kununulia wazazi magodoro au chakula hapa nyumbani, wanahitaji mtu anayejibu haraka, anayetuma picha ya kweli na anayesema bei bila kuzunguka. Ujuzi huo ni wako. Uweke kwenye bei.

Usijenge maisha yako juu ya mtandao mmoja tu. Tunakumbuka: intaneti ilikatwa nchini kote kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, na ikarudi 19 Januari 2019. Mwanzoni mwa mwaka 2025, X na TikTok nazo zilizuiliwa. Aliyekuwa na wateja wake kwenye TikTok tu alibaki anatazama simu. Aliyekuwa na namba zao kwenye daftari aliweza kuwapigia. Kumtunzia patroni orodha ya wateja, kwa ruhusa yao, ni sehemu ya kazi unayouza.

Sasa tufike kwenye kinywa, maana hapo ndipo wengi wanashindwa. Kwetu ni vigumu kutaja pesa mbele ya mjomba, mbele ya mkubwa wa kanisa, mbele ya rafiki ya baba. Kijana anaona haya, anasema « utanipa chochote », na chochote ndicho anachopewa. Heshima haikatazi bei. Mtu anaweza kusema kwa upole: « Mukubwa, kazi ni hii, mwezi mmoja, bei ni hii, avansi ni nusu kabla ya kuanza. » Mukubwa akiomba kupunguziwa, punguza kazi pamoja na bei: badala ya picha kila siku, mara tatu kwa wiki. Ukipunguza bei bila kupunguza kazi, umemfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa uongo.

Kufanya bure kwa ndugu si dhambi. Lakini andika bei kamili, kisha andika kando « zawadi », na tarehe ya mwisho. Hivyo ndugu atajua amepokea kitu chenye bei, na mwezi utakaofuata mtaongea vizuri. Anayeanza anaweza pia kukubali bei ndogo ili apate mfano wa kuonyesha. Mwezi mmoja unatosha. Majaribio yasiyo na tarehe ya mwisho ni utumwa wenye tabasamu.

Na yote yaandikwe, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp ambao patroni anajibu « sawa ». Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba uandikwe, lakini inamruhusu mfanyakazi asiye na karatasi athibitishe mkataba wake kwa njia nyingine za kisheria. Na sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua maandishi ya kielektroniki. Anayefanya kazi kwa kujitegemea, bila kuajiriwa, ndiye anayehitaji maandishi zaidi, maana sheria ya kazi haimlindi kama inavyomlinda mwajiriwa. Hata pale ambapo mahakama hazifanyi kazi vizuri, ujumbe ulioandikwa unasaidia mbele ya wazee na mbele ya familia. Maneno ya mdomo kila mtu anayakumbuka kwa faida yake.

Kwa wenye biashara tunasema neno moja. Unamlipa fundi mbao aliyetengeneza rafu, unamlipa motari aliyeleta mzigo, unamlipa mlinzi wa usiku. Kwa nini anayekuletea wateja alipwe asante? Na nyinyi wa mashirika na makampuni mnaowaomba vijana kumi watengeneze kampeni nzima kama « jaribio », kisha mnachukua mawazo yao na kumwajiri mmoja tu, au hamwajiri yeyote: hilo ni kuvuna shamba la mtu. Jaribio liwe dogo, na likitumika lilipwe.

Kwa vijana nao tunasema: kujua thamani yako si kiburi. Ukurasa wa butike ni wa mwenye butike. Afunguliwe kwa jina lake, awe na uwezo kamili wa kuusimamia, na siku mnapoachana umrudishie kila kitu. Anayeondoka amebadilisha neno la siri ili alazimishe kulipwa, hata kama kweli anadaiwa, anaharibu jina lake na la wenzake wote, na mfanyabiashara huyo hatamwamini kijana mwingine. Ukidai, dai kwa maandishi uliyoyatunza.

Thamani ina upande mwingine tena: kazi unazozikataa. Leo katika simu zetu kuna matangazo ya dawa zinazotibu magonjwa yote, ya kazi za nje zinazoombewa pesa kwanza, ya visa vya uongo. Nyuma ya kila tangazo la namna hiyo kuna mtu aliyelipwa kuliandika vizuri. Mama aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya kazi isiyokuwepo hatamjua mwandishi, lakini mwandishi anajijua. Watu wa hapa wamepoteza mengi. Anayewapotezea na kilichobaki hana kazi, ana wizi.

Wiki hii, kabla ya kutafuta mteja mpya, nunua daftari la franka chache. Ukurasa wa kwanza uandike gharama zako za mwezi. Wa pili, saa zako. Wa tatu, matokeo uliyomletea kila mtu uliyemfanyia kazi. Ukimaliza kurasa hizo tatu utaijua bei yako, na utaweza kuitaja bila kutazama chini.