Msiwapime Watoto Hadharani
Na Mwende Kilonzo

Wiki hii nina hasira, na sitaki kutulizwa. Nilikwenda na mzazi mwenzangu kwenye siku ya afya katika shule moja karibu na Kabati, Kitui Magharibi. Jina la shule nalihifadhi. Mizani iliwekwa mbele ya gwaride, kidato cha tatu wakapanga foleni. Kila aliyepanda, mwalimu alizisoma kilo zake kwa sauti ili mwenzake aandike. Alipopanda msichana mmoja mwenye mwili, mwalimu alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Wewe mama, ugali upunguze." Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Saa ya chakula nilimwona msichana yule akimimina githeri yake yote kwenye sahani ya mwenzake. Akanywa maji, basi. Nilipomweleza mwalimu, alinijibu kwamba hayo ni maradhi ya watoto wa Nairobi. Huku Ukambani watu wanalilia mvua.

Jibu hilo ndilo lililonichoma. Mtoto aliyeaibishwa kwa mwili wake haulizi kama ghala limejaa au ni tupu. Na hapa kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mtoto akiruka mlo hakuna anayeshtuka. Tunadhani ni njaa ile tuliyoizoea.

Anayedhani haya ni ya Nairobi tu aitazame Fiji, ambako mwili mkubwa uliheshimiwa. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Kufikia 1998 waliokiri walizidi asilimia 11. Hiyo ilikuwa televisheni tu; wetu wana TikTok mfukoni.

Kinga ipo. Marekani, mwanasaikolojia Eric Stice na wenzake walibuni mpango ambapo wasichana wenyewe, katika vikundi vidogo, huupinga urembo wa kukonda: huandika, huigiza, hujibizana. Mizani haimo. Majaribio yameonyesha kwamba dalili za matatizo ya ulaji hupungua. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala jengo jipya. Inahitaji mwalimu wa ushauri nasaha aliyeandaliwa vizuri, atengewe kipindi, na wavulana wasiachwe nje, maana nao hujinyima chakula na wao ndio walioongoza kicheko.

Walimu wakuu wa Kitui Magharibi, nawaomba hivi: anayelazimika kupimwa apimwe na muuguzi, mlango ukiwa umefungwa, kilo zake azijue yeye na mzazi wake. Kumfanya mtoto achekwe na wenzake si elimu ya afya. Ni kumjeruhi, na anayefanya hivyo asijiite mlezi.