Pirates wana mtaji mezani, wanangoja nini?

Novemba 2025 Paul Skenes, kijana wa miaka 23 wa klabu ya Pittsburgh Pirates, alitangazwa mrushaji bora wa mwaka wa Ligi ya Taifa katika besiboli ya Marekani. Wapiga kura wote walimpa nafasi ya kwanza. Katika msimu wa 2025 alianza michezo 32 na kuruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila mchezo wa vipindi tisa, kiwango ambacho warushaji wengi hustaafu bila kukigusa. Lakini rekodi yake ya ushindi inashangaza: alishinda 10, akapoteza 10.

Sababu ni wenzake. Pirates walifunga pointi chache kuliko klabu yoyote kati ya 30 za ligi kuu. Walimaliza na ushindi 71 na vipigo 91, wakashika mkia katika kundi lao. Sasa soko la usajili la majira ya baridi limefunguliwa, na swali la kila mwaka limerudi mjini Pittsburgh: klabu iendelee kujijenga upya taratibu, au itoe fedha sasa na kuifukuzia hatua ya mtoano?

Ukanda huu nao una mtu wa kumfuatilia huko. David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda mwenye mkono wa kasi, amesajiliwa na klabu hiyohiyo na anapanda ngazi katika timu zake za chini. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Pennsylvania, jimbo lilelile ilipo Pittsburgh. Besiboli si mchezo wa mbali kama inavyodhaniwa.

Kwa aliyezoea soka, jambo moja ni lazima lieleweke kwanza. Huko hakuna kushuka daraja. Timu inayopoteza michezo 100 hubaki ligi kuu, hupata mgao wake wa fedha za televisheni, na juu ya hapo huwekwa mbele katika foleni ya kuchagua vijana bora wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo kufungwa kunaweza kuwa mpango wa biashara. Unauza wachezaji wako wazuri kwa vijana wa klabu nyingine, unavumilia vipigo miaka mitatu au minne, unakusanya vipaji, kisha unarudi na kikosi kipya.

Mpango huo umewahi kulipa, na si haki kuudharau. Houston Astros walipoteza michezo 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, kisha wakatwaa ubingwa mwaka 2017, ingawa ubingwa huo ulikuja kutiwa doa na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani. Chicago Cubs walipoteza 101 mwaka 2012, na mwaka 2016 wakachukua kombe walilolikosa tangu 1908. Tangu hapo kila klabu dhaifu imekuwa na jibu la kuwapa mashabiki wake: subirini, tunajenga.

Pirates wanalijua jibu hilo kuliko wengi. Mwaka 2011 walimchagua Gerrit Cole akiwa kijana wa kwanza katika orodha yote. Januari 2018 walimpeleka Houston, wakapokea wachezaji wanne. Cole akafika huko akawa miongoni mwa warushaji wakali kabisa wa kizazi chake, na mwisho wa 2019 New York Yankees wakampa mkataba wa dola milioni 324. Na wale wanne? Mmoja wao, Joe Musgrove, alitokea kuwa mrushaji mzuri. Pirates wakamuuza naye, Januari 2021, kwa San Diego, ili wapate vijana wengine. Miezi mitatu baadaye Musgrove aliirushia San Diego mchezo mzima bila wapinzani kupata hata pigo moja halali, jambo ambalo klabu hiyo haikuwa imewahi kulipata katika historia yake. Leo hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyebaki Pittsburgh.

Mwenye duka anaijua hali hii. Unauza mzigo ili ununue mzigo, ule mpya nao unauuza kabla haujakaa rafuni, na mteja akiingia anakuta kibao cha "bidhaa zinakuja". Meneja mkuu Ben Cherington aliajiriwa Novemba 2019 kusimamia ujenzi huu. Tangu hapo imepita misimu sita, na yote sita Pirates wamepoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda. Mara ya mwisho kuingia mtoano ilikuwa 2015. Houston ilihitaji miaka minne kutoka kwenye kipigo chake kikubwa hadi kombe.

Ndiyo maana hoja ya kuendelea kungoja imeisha nguvu. Mahindi yaliyokauka vizuri yanaweza kukaa ghalani yakisubiri bei. Nyanya zilizokwama mpakani Namanga haziwezi, na Skenes, kwa namna kanuni za ligi zilivyo, ni nyanya. Mchezaji hufungwa na klabu yake kwa takriban misimu sita, na mitatu ya mwanzo hulipwa kidogo. Mwaka 2025 mshahara wa Skenes ulikuwa chini ya dola milioni moja. Baada ya msimu wa 2029 atakuwa huru kwenda anakotaka, na hakuna anayetarajia Pittsburgh kushindana kwa bei na New York au Los Angeles siku hiyo. Imebaki misimu minne. Kila mmoja unaopotea "tukijenga" ni mzigo unaoozea kwenye lori.

Kwani pengo ni kubwa kiasi gani? Hapa ndipo wanaotetea subira hukwepa hesabu. Tangu 2022 klabu 12 huingia mtoano, si 10 kama zamani. Mwaka 2025 Cincinnati Reds, wa kundi hilohilo la Pirates, waliingia kwa ushindi 83 tu. Mwaka 2023 Arizona Diamondbacks waliingia kwa ushindi 84 na wakafika fainali, miaka miwili tu baada ya kupoteza michezo 110. Kutoka 71 hadi 83 ni michezo 12 kati ya 162. Timu yenye warushaji wazuri na wapigaji wabovu haihitaji kubomolewa. Inahitaji wapigaji wawili watatu.

Wapigaji hao wanauzwa. Mkataba mkubwa kuliko wote ambao Pirates wamewahi kumpa mchezaji huru kutoka sokoni ni wa dola milioni 39, kwa Francisco Liriano, Desemba 2014. Miaka 11 imepita na rekodi hiyo haijavunjwa. Ni kweli Pittsburgh si mji wa Dodgers, wanaotumia zaidi ya dola milioni 300 kwa mishahara ya mwaka. Ila Milwaukee nayo si mji mkubwa, na mwaka 2025 ilishinda michezo 97, mingi kuliko klabu nyingine yoyote. Mmiliki Bob Nutting amewasikia mashabiki wakiimba uwanjani kwake kwamba auze timu. Hawaimbi kwa sababu ya udogo wa mji.

Upande wa pili una mfano wake mchungu, na lazima usemwe. Julai 2023 Los Angeles Angels walikuwa na Shohei Ohtani katika msimu wake wa mwisho wa mkataba. Badala ya kumuuza, walitoa vijana wao ili kumleta Lucas Giolito na wengine, wakiwania mtoano. Agosti timu ikaporomoka. Kabla mwezi haujaisha wakawaachia wale waliowanunua wachukuliwe bure, na Desemba Ohtani akahamia Dodgers kwa dola milioni 700. Angels wakaambulia nafasi moja ya kuchagua kijana.

Angels walichelewa, na walilipa kwa mbegu. Pirates wana nafasi ya kufanya kinyume: kununua sasa, Novemba hadi Februari, kwa fedha taslimu, bila kumgusa Konnor Griffin, mwenye miaka 19, wala vijana wengine wanaosubiriwa. Wawape wapigaji wakongwe mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Julai ikifika na timu iko michezo 10 nyuma, wakongwe hao wauzwe kwa klabu zinazowania kombe na kiasi fulani cha mtaji kirudi. Skenes asiwemo kwenye mazungumzo hayo. Hasara ya jaribio hilo likishindikana ni fedha za msimu mmoja wa mmiliki, na mashabiki wa Pittsburgh wameshalipia sita.

Dirisha la kubadilishana wachezaji litafungwa majira ya joto yajayo. Kufikia hapo Skenes atakuwa amerusha nusu ya msimu mwingine, kila baada ya siku tano au sita, akimwachia mpigaji wa upande wake kazi ya kupata pointi mbili.