Nesi ndiye daktari wa kisiwani, mpeni rungu

NDUGU msomaji, ukimtajia mkubwa yeyote jina la Songo Mnara, atakujibu kuhusu magofu. Atakusimulia nyumba na misikiti ya mawe ya matumbawe iliyojengwa karne ya 14 na 15. Atakukumbusha kwamba mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu hayo, pamoja na ya Kilwa Kisiwani, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini. Fedha zikatafutwa, mafundi wakaitwa, kuta zikazibwa, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Hatuna ugomvi na hilo. Ni jambo la kujivunia.

Ugomvi wetu ni juu ya walio hai. Ukuta wa gofu ukipata ufa, ripoti inafika Paris. Mtoto wa mvuvi wa hapo hapo akishikwa na homa saa nane za usiku, ripoti inafika kwa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu ramani, maana vijana wengi wa mjini mnakichanganya kisiwa hiki na Songosongo ya gesi. Songosongo iko kaskazini zaidi. Songo Mnara kiko kusini ya Kilwa Kisiwani, na kutoka hapo kwenda Kilwa Masoko ni lazima upande chombo. Maji yakitoka, chombo kinabaki mbali na mgonjwa anabebwa kwenye tope la mikoko. Kusi likichachamaa, nahodha mwenye akili hang'oi nanga. Na ukifika Masoko bado hujafika hospitali ya wilaya. Hospitali hiyo, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje, zaidi ya kilomita 20 kwa barabara.

Kwa hiyo ukweli ni huu. Katika visiwa na vijiji vya pwani ya kusini, anayeamua kama mgonjwa atatibiwa papo hapo au atapakiwa kwenye boti usiku huo huo, mara nyingi si daktari. Mara nyingi hata tabibu siye, maana tabibu yuko semina, yuko likizo, au amefuata dawa wilayani. Aliyebaki ni nesi.

Huyu nesi anamsikiliza mgonjwa, anampima, anautaja ugonjwa, anatoa dawa na kuamua nani apewe rufaa. Marekani waliipa kazi hiyo jina na shule yake mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo maalumu katika Chuo Kikuu cha Colorado. Botswana, Waafrika wenzetu, wamekuwa wakiwafundisha wauguzi wa namna hiyo tangu miaka ya 1980. Kwetu nesi anaifanya kazi hiyo hiyo kimya kimya, bila cheo chake na bila mshahara wake. Akipatia, sifa ni za zahanati. Akikosea, kesi ni yake.

Tunajua utakachosema. Utasema nesi anajua nini zaidi ya sindano na bandeji? Tulia kidogo, ndugu.

Chukua mtoto anayekohoa na kuhema. Nesi aliyefundishwa hahitaji mashine ya mamilioni, anahitaji saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama, anamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, anatibiwa nimonia kwa amoksilini. Asipofikisha hapo na hana dalili nyingine mbaya, ni kikohozi cha mafua tu, na dawa ya kuua bakteria haina kazi.

Chukua anayeharisha. Nesi anaangalia kama macho yamedidimia. Anafinya ngozi ya tumbo aone inarudi upesi au polepole. Anampa maji aone anayapokea kwa pupa au hawezi kunywa. Kisha anatoa ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Watoto wengi wa namna hii hawahitaji dripu, wala zile kapsuli za rangi mbili mnazozisifu.

Chukua mwenye homa. Zamani kila homa ilikuwa malaria, liwalo na liwe. Siku hizi ni tone la damu ya kidole kwenye kipimo cha haraka, na baada ya robo saa hivi jibu liko mezani. Malaria ikionekana, anapewa dawa mseto, ile iliyochukua nafasi ya SP mwishoni mwa mwaka 2006. Isipoonekana, hapo ndipo kazi inapoanza, maana homa ina mwenyewe. Kumpa dawa ya malaria mtu asiye na malaria ni kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Halafu kuna dalili ambazo nesi mzuri habishani nazo. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea hazinduki: huyo anapewa dozi ya kwanza, barua ya rufaa na boti, basi. Kujua mahali pa kuishia ni nusu ya utabibu.

Kama unadhani haya ni maneno ya gazeti tu, twende jirani zetu wa kaskazini, Rufiji. Kati ya mwaka 1997 na 2002, Rufiji na Morogoro Vijijini zilifuata mpango wa kumwangalia mtoto mgonjwa hatua kwa hatua, kama tulivyoeleza hapo juu. Wahudumu wa zahanati wa kawaida walifundishwa, wakapewa kijitabu cha mwongozo na kutembelewa na wasimamizi. Wilaya hizo zilipolinganishwa na Kilombero na Ulanga, ambako mpango ulikuwa haujaanza, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2008 wakatoka wataalamu waliolinganisha wahudumu wa Tanzania, Uganda, Bangladesh na Brazil. Wakaona kwamba ukishamfundisha mtu mpango huu, miaka mingi ya darasani haikumfanya awatibu watoto vizuri kuliko mwenzake mwenye mafunzo mafupi. Mahali pengine wa mafunzo mafupi ndiye aliyeongoza.

Sasa wewe kijana unayesoma haya ukiwa kijiweni Mbagala au Kariakoo, usidhani ni habari ya akina mama na watoto. Kuna ya kwako. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu kisonono, kaswende na wenzao kwa kufuata dalili, bila kumwambia mgonjwa asubiri maabara isiyokuwepo. Dawa zikapelekwa bila kukatika, wasimamizi wakapita. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI katika maeneo hayo yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko maeneo ambayo yalikuwa hayajapata huduma hiyo. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa maprofesa wa Muhimbili. Walikuwa wahudumu wa zahanati, waliopewa mafunzo, dawa na heshima.

Nawe unafanya nini ukisikia mkojo unawaka? Unaona haya kukaa foleni mbele ya nesi aliye rika la dada yako. Unakwenda dukani, unamnong'oneza muuzaji, unanunua vidonge vinne kati ya kumi, unameza viwili na viwili unamwachia mshikaji. Mwenzi wako humwambii. Wiki ijayo unasema dawa za siku hizi ni feki. Dawa si feki, ndugu, dozi yako ndiyo feki. Vijidudu ulivyovijeruhi bila kuviua ndivyo vinavyojifunza kuishi na dawa, halafu vinahamia kwa mwingine. Nesi angekupa dozi kamili, angekuambia mlete mwenzako, na angekupima kaswende na UKIMWI hapo hapo.

Tuwe wakweli pia. Hatusemi nesi achukue nafasi ya daktari. Nesi aliyeachwa peke yake miaka mitano bila kusimamiwa naye huharibika. Anaanza kumpa kila mwenye homa antibayotiki, kila mwenye maumivu anamwambia ana taifodi au UTI. Anapima presha mara moja tu, mtu akiwa ametoka kupiga kasia, na kumpa vidonge vya maisha, wakati kanuni ni kurudia kipimo siku nyingine na kuona kama bado iko 140 kwa 90 au zaidi. Makosa hayo yapo na tunayaona. Lakini dawa yake si kumnyang'anya nesi kazi, maana ukimnyang'anya utamkabidhi nani? Bahari?

Tunasema hivi. Kwanza, sheria na miongozo iitaje kazi hii kwa jina lake: nesi aliyefundishwa kupima na kutibu magonjwa ya kawaida awe na cheo, orodha ya dawa anazoruhusiwa kutoa, na mshahara unaolingana na usiku anaokesha. Pili, mafunzo yawafuate huko huko visiwani, yasiishie kwenye hoteli za mjini ambako posho ni nene kuliko somo. Tatu, kila nesi wa kisiwani awe na daktari wa wilaya anayejibu simu yake saa yoyote, na msimamizi anayekaa naye wagonjwa wakiingia, asiyekuja na shangingi kusaini kitabu cha wageni na kugeuza. Nne, kila kisiwa chenye watu kiwe na boti ya wagonjwa na mafuta yake.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vizuri. Lakini kadi ya bima haihesabu pumzi za mtoto. Mlalahoi akifika zahanati na kadi mkononi akakuta mlango umefungwa, au nesi yupo lakini kipimo na amoksilini vimekwisha, atakuwa amepigwa changa la macho.

Ndugu msomaji, wengi wenu mmetoka huko kusini. Mama zenu bado wako huko, na kila mwezi mnatuma fedha kwa simu. Safari hii, ukishatuma, piga tena. Muulize mama jina la nesi wa zahanati yao, kama ana vipimo vya malaria wiki hii, na kama boti ipo mtu akizidiwa usiku. Majibu utakayopata mpelekee diwani wenu, naye ajibu mbele ya mkutano wa kijiji. Akianza kukusimulia habari za magofu, mwambie hayo tumeshayasikia.