Kadi ya sauti inasingiziwa

Na Rehema Mshangama

Kijana anayerekodi muziki chumbani kwake anadunduliza, ananunua vifaa kimoja kimoja, fundi anamuunganishia kompyuta yenye nguvu, halafu siku ya kwanza ya kazi sauti inakwaruza na kukatikakatika. Akiuliza, anaambiwa kadi yake ya sauti ya USB ni mbovu, anunue nyingine. Ushauri huo naupinga kabisa. Unawalia watu pesa, na mara nyingi kadi haina kosa lolote.

Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ya sampuli 256, kompyuta ina milisekunde tano na ushee kuandaa kila fungu la sauti. Draiva yoyote ikiishikilia prosesa kupita muda huo, hata ikiwa ya Wi-Fi, fungu linachelewa na spika zinatoa mlio. Kompyuta za kuunganishwa ziko hatarini zaidi, kwa kuwa mazabodi ni ya kampuni hii, kadi ya picha ya kampuni ile, na huenda hazijawahi kujaribiwa pamoja mpaka zilipokutana mezani kwa fundi.

Kosa linaweza pia kuwa kwenye mazabodi yenyewe. Mwaka 2021 AMD, watengenezaji wa prosesa na chipset, wenyewe walikiri kwamba mazabodi za chipset zao za mfululizo wa 500 zilikuwa na hitilafu ya USB: vifaa vinapotea ghafla, na vya sauti vinakwaruza. Dawa ilikuwa toleo jipya la BIOS, lenye msimbo wa AMD uitwao AGESA, toleo la 1.2.0.2, lililoanza kutoka Aprili mwaka huohuo, bila malipo. Aliyekuwa ameshauza kadi yake kwa bei ya kutupa alipata hasara ya bure. Na mazabodi hizo bado zinauzwa mitumba, nyingine zikiwa na BIOS ileile ya zamani.

Kwa hiyo anza na BIOS na draiva za chipset. Kisha chomoa waya wa kadi kwenye tundu la mbele, uchomeke nyuma, moja kwa moja kwenye mazabodi, bila hub katikati. Jaribu matundu tofauti, maana mengine yanapita kwenye chipset na mengine yanakwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Weka draiva ya sauti ya ASIO ya mtengenezaji wa kadi mwenyewe. Bado inakwaruza? Fungua programu ya LatencyMon, uiache ifanye kazi huku wimbo unacheza. Itakuonyesha faili la draiva linalochelewesha. Ukiona nvlddmkm.sys, hiyo ni draiva ya kadi ya picha ya Nvidia; ukiona ndis.sys, shuku draiva ya mtandao, nawe zima Wi-Fi usikilize tena. Kupandisha bafa hadi 1024 kunanyamazisha mkwaruzo, lakini mwimbaji ataanza kujisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, na hapo hakuna kurekodi.

Zipo kadi ambazo mtengenezaji ameacha kuziandikia draiva, na Windows mpya inazikataa. Hizo sina ubishi nazo.

Ninachodai ni kwa mafundi. Unapopokea ujira wa kuunganisha kompyuta ya studio, kazi haiishi Windows inapowaka. Mwambie mteja aje na kadi yake, chomeka, rekodi hapohapo dukani kwa nusu saa mkiwa mmevaa hedifoni wote wawili, ndipo umalizie hesabu ya pesa.