Nyota tano za kulazimishwa

Mhariri,

Mwezi jana nilimpeleka mama Mombasa kupumzika, safari ndefu kutoka huku Garbatulla. Jioni moja tukapanda jahazi la watalii, lile la kula huku mkizungushwa baharini. Tulipomaliza kula, hata mikono hatujanawa, mhudumu akanisogezea simu: "Dada, tupe nyota tano, na unitaje jina." Akasimama pale pale, macho kwenye kidole changu. Samaki alikuja amepoa, lakini ningebonyezaje tatu mbele yake? Nikabonyeza tano.

Kijana simlaumu. Alininong'oneza kwamba meneja huhesabu majina, na asiyetajwa hupunguziwa zamu. Madereva wa teksi za simu kule Nairobi nao huomba vivyo hivyo. Wastani wa nyota ukishuka sana, akaunti hufungwa.

Kwetu, mama muuza maziwa ya ngamia hukumiminia kidogo uonje, kisha humgeukia mteja mwingine. Ukikunja uso ameshajua, wala hakuulizi.

Wenye hoteli na majahazi, tuulizeni kwa ujumbe kesho yake, tukiwa tumefika nyumbani. Na ile tano yangu, tafadhali ihesabuni tatu.

Msomaji wako,
Garbatulla, Isiolo