ELIMU NI BAHARI: Wimbo wa Gwaride na Mataifa Mengi

Wako watu waaminio kwamba kila taifa lapasa kujifungia na ngoma zake, na kwamba aigaye sauti ya wageni huipoteza yake. Habari za Julius Fučík zaonyesha mambo mengine.

Fučík, ambaye alikuwa Mcheki, alizaliwa mjini Prague mwaka 1872, wakati nchi yake ilipokuwa chini ya Kaizari wa Austria. Katika chuo cha muziki cha mji huo alijifunza fidla na basuni, ambayo ni zumari ndefu yenye sauti nzito. Na katika kutunga nyimbo alifundishwa na Antonín Dvořák mwenyewe. Mwaka 1891 aliandikwa askari mpiga muziki, chini ya Josef Franz Wagner, Mwaustria aliyesifika kwa nyimbo za gwaride.

Jeshi lile lilikusanya Wajerumani, Wahungaria, Wacheki, Wakroatia na wengineo, na vikosi vyake vilihamishwa huku na huku. Mwaka 1897 Fučík alipewa kuongoza bendi ya kikosi kilichokaa Sarajevo. Katika mji huo wenye misikiti na makanisa alitunga wimbo, akauita kwa jina la wapiganaji wa Rumi ya kale: "Kuingia kwa Magladieta". Mwaka 1900 bendi yake ilihamia Budapest, na mwaka 1907 akatoa "Florentiner Marsch", yaani gwaride la mji wa Florence, akaandika chini ya jina hilo kwamba ni gwaride kuu la Kiitalia. Basi Mcheki, akikaa kati ya Wahungaria, akila mshahara wa Kaizari wa Austria, alitunga wimbo wa Kiitalia!

Wimbo wa Sarajevo nao ulisafiri. Mkanada Louis-Philippe Laurendeau aliupanga upya kwa bendi ndogo, na huko Marekani ukapigwa mbio zaidi katika sarakasi. Hata leo wengi wausikiapo huwakumbuka wachekeshaji, wala si askari.

Mwisho wa Fučík haukuwa wa furaha. Mwaka 1913 alikwenda Berlin, akaanzisha bendi yake na kazi ya kuchapisha nyimbo. Vita ya 1914 iliiharibu kazi hiyo, afya yake ikadhoofika, akafa Septemba 1916, umri wake miaka 44. Miaka miwili baadaye himaya aliyoitumikia ilivunjika vipande vipande. Bendera zake zilishushwa, lakini nyimbo zilibaki, na bendi za mataifa yaliyopigana katika vita ile huzipiga hata sasa.

Vijana wapendao muziki na wayatafakari hayo. Fučík hakuokota sauti za watu ovyo. Kwanza alijifunza kazi yake sawasawa mbele ya walimu hodari, ndipo akachukua cha jirani bila ya kupoteza chake. Wazee walinena kweli: Mgeni njoo, mwenyeji apone.